Hitisinki au hewa? Shajara ya seva ya maktaba, Tanga

Jumamosi, 1 Februari 2025

Ujumbe umeingia asubuhi kutoka kwa mwalimu wa fizikia: "Fundi, ile kompyuta yako ndogo mchana inakwama. Video zinazunguka tu, hazifunguki. Tununue hitisinki?"

Kwa anayeanzia kusoma hapa: seva ya maktaba ni Raspberry Pi 4, kompyuta nzima kwenye bodi moja ndogo, yenye RAM ya GB 4, inayoendesha Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti. Vitabu, mazoezi na video vimo kwenye diski ya nje iliyochomekwa USB, na wanafunzi wanaingia kupitia ruta kwa kompyuta za maabara na tableti. Intaneti haipo wala haihitajiki. Bodi iko ndani ya boksi la plastiki lililofungwa, boksi liko juu ya kabati la chuma, na juu ya kabati ni bati tupu, hakuna silingi bodi. Februari, kaskazi ikiwa imepungua, chumba kile saa nane mchana hakikaliki.

Nimemjibu asinunue kitu kwanza. Hitisinki, yaani kipande cha chuma kinachobandikwa juu ya prosesa ili kutawanya joto lake, ni ya bei ndogo, lakini nikiipachika leo na video zikafunguka kesho kwa sababu kesho kuna mawingu, nitakuwa nimejifunza uongo. Napima kwanza.

Jumapili, 2 Februari

Ubishi wa kama bodi hizi zinahitaji hitisinki hauishi, na sehemu kubwa ya ubishi inatokana na watu kuzungumzia bodi tofauti kana kwamba ni moja. Raspberry Pi ya kwanza, ya Februari 2012, ilikuwa na prosesa ya kiini kimoja, 700 MHz. Ile unaweza kuifunika na kuisahau. Pi 3 ya 2016 ilikuja na viini vinne vya 1.2 GHz. Mwaka 2018 ikatoka Pi 3B+, nayo ikavishwa kofia ya chuma juu ya prosesa ili joto lisambae. Pi 4 ikafuata Juni 2019 kwa viini vizito zaidi vya Cortex-A72, 1.5 GHz, na hapo ndipo watu walipoanza kuchoma vidole. Pi 5 ya 2023 ina 2.4 GHz, na watengenezaji wenyewe wanauza kipoza chake chenye feni, tena bodi ina tundu maalumu la kuchomeka feni hiyo. Kwa hiyo anayeapa kwamba "mimi yangu ina miaka kumi haina kitu juu" huenda anasema kweli kabisa, ila kuhusu kifaa kingine.

Jambo la pili ni chumba. Bodi haina joto lake peke yake, ina joto la chumba na nyongeza juu yake. Prosesa ikila wati zilezile, nyongeza ni ileile, iwe Tanga au Cambridge zilikobuniwa bodi hizi. Tofauti ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Nyongeza ikiwa nyuzi 40, mtu aliye Uingereza kwenye sebule ya nyuzi 20 atasoma 60 na kuandika kwamba hitisinki ni pambo. Mimi hapa chumba kina 34, nasoma 74. Hata Lushoto na Tanga mjini hazitakubaliana, na ni mkoa mmoja.

Na jambo la tatu, ambalo mwalimu aliliulizia baadaye, kama bodi itaungua: haitaungua. Prosesa inajipima yenyewe. Ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguzia kasi, ikifika 85 inabana zaidi. Kwa hiyo "inahitaji" hapa maana yake si kufa na kupona. Swali ni kama unakubali ikuhudumie polepole.

Jumatano, 5 Februari

Nimekwenda shuleni baada ya vipindi. Kabla ya kugusa chochote nimeandika amri moja, `vcgencmd get_throttled`. Hii ndiyo amri ambayo kila mwenye bodi hizi angepaswa kuanza nayo kabla ya kwenda dukani, kwa sababu inaeleza kama bodi ilijibana tangu ilipowashwa, na kwa nini.

Jibu: `0x50000`.

Hiyo si alama ya joto. Kila tarakimu hapo ina biti zake, na hizi mbili zinasema: tangu iwashwe, umeme ulishuka chini ya kiwango, na kwa ajili hiyo kasi ilipunguzwa. Kiwango chenyewe ni takriban volti 4.63. Alama ya kuvuka kikomo cha joto ni nyingine, na haikuwamo.

Nikafuata waya. Chaja ni ya simu, na waya wake ni mwembamba na mrefu, umezunguka nyuma ya kabati mpaka kwenye ekstensheni. Chaja ya simu inatoa volti 5 kamili, au pungufu kidogo. Waya mwembamba unakula sehemu yake njiani, na kadiri mzigo unavyokua ndivyo unavyokula zaidi. Chaja iliyokusudiwa bodi hii inatoa volti 5.1 na ampea 3, hiyo 0.1 imewekwa makusudi kufidia waya. Ongeza diski inayozunguka, inayokunywa umeme kupitia bodi hiyohiyo, na wanafunzi wote wakibofya video kwa pamoja diski inaamka, volti zinaanguka, bodi inajibana.

Nimebadilisha chaja na waya. Diski nimeipa umeme wake kupitia habu ya USB yenye chaja yake. Seva nimeiacha ikiandika joto lake kila dakika kwenye faili.

Mwalimu aliniangalia nikikusanya vifaa. "Kwa hiyo si joto?"

"Sijasema si joto, mwalimu. Nimesema hili lilikuwa linakuja mbele ya joto."

Jumamosi, 8 Februari

Faili la juma hili linasema mengi. Video zimeacha kukwama asubuhi yote. Lakini Alhamisi mchana, maabara ikiwa imejaa na mimi nikiwa nimeacha Kolibri inaingiza masomo mapya kutoka kwenye fleshi, joto lilipanda hadi 82. Amri ileile sasa inajibu `0xe0000`. Hapo hakuna alama ya umeme pungufu hata moja. Zote ni za kasi kupunguzwa na kikomo cha joto kuvukwa. Nimefurahi, kusema kweli, maana sasa nina tatizo moja tu mkononi.

Leo shule haina watu, nimepata nafasi ya kupima kwa utulivu. Chumba nyuzi 34, kipimajoto kimening'inizwa mbali na bodi. Mzigo ni `stress-ng`, programu ya kuichosha prosesa makusudi, kwenye viini vyote vinne, jambo ambalo seva ya maktaba hailifanyi karibu kamwe, lakini ndilo linaloonyesha mwisho wa mambo.

Bodi tupu juu ya meza ya mbao, haina boksi wala hitisinki: ikiwa imetulia, 57. Ikiwa na mzigo, ilifika 80 ndani ya dakika chache na kasi ikaanza kushuka.

Ndani ya boksi, kifuniko kimefungwa: ikiwa imetulia, 67. Nyuzi kumi nzima zimetoka kwenye boksi, hata kabla ya kazi. Chini ya mzigo ilifika 80 mara moja na ikabaki inasukumana na kikomo chake.

Kisha nikaingiza kipimajoto ndani ya boksi lenyewe. Hewa ya mle ndani ilikuwa 51. Namba hii imenishtua kuliko ile ya prosesa. Karatasi ya maelezo ya Pi 4 inasema ifanye kazi kwenye mazingira ya nyuzi 0 hadi 50, na mazingira ya bodi si chumba cha shule, ni hewa inayoigusa. Prosesa inajua kujilinda. Vipande vingine vya bodi, na memori kadi, havina akili hiyo, vinavumilia tu.

Diski nayo ilikuwa imelala juu ya kifuniko. Nimeihamishia rafu ya chini.

Jumamosi, 15 Februari

Hitisinki imekuja. Ni ya aluminiamu, ndogo, pana kama prosesa yenyewe, ina mapezi mafupi na gundi ya kubandika chini yake. Katika pakiti zimo ndogo zaidi mbili, moja ya kipande cha RAM na moja ya kile cha USB. Nimebandika zote, na mwalimu amekuwepo, maana ndiye aliyeliuliza swali na nilitaka jibu alione kwa macho.

Boksi limefungwa, chumba 34 tena. Ikiwa imetulia: 64 badala ya 67. Chini ya mzigo: ilichelewa. Safari iliyokuwa ya dakika moja hivi ilichukua dakika kadhaa. Lakini ilifika kulekule, 80, na kasi ikashuka vilevile.

Mwalimu, ambaye ni mtu wa fizikia na sikuwa na haja ya kumhubiria, alinyamaza kidogo akasema, "Joto limetoka kwenye chipu, limeingia kwenye hewa ya boksi. Halafu? Liende wapi?"

Ndiyo hasa. Aluminiamu safi inapitisha joto takriban mara elfu moja zaidi ya plastiki, na hewa iliyotulia ni mbaya kuliko plastiki. Hitisinki haili joto. Inalitawanya kwenye eneo kubwa zaidi ili hewa ilichukue kwa wepesi. Hewa yenyewe ikiwa imefungiwa na tayari ina nyuzi 51, mapezi hayana pa kukabidhi mzigo. Kule kuchelewa kwa dakika chache ni uzito wa chuma tu: kipande kilihitaji kupashwa kwanza.

Nikaondoa kifuniko, hitisinki ikiwa palepale, mzigo uleule. Ikashuka hadi 74 na kutulia hapo. Kasi kamili, hakuna kujibana.

Linganisha sasa. Hitisinki bila hewa: 80. Hewa bila hitisinki, ile ya mezani: 80. Vyote viwili: 74. Wanaobishana wengi wamepima kimoja tu kati ya hivi.

Neno la tahadhari kuhusu gundi. Ile ya kwenye pakiti, kwa joto la hapa, inalainika. Bodi ikisimamishwa wima kipande kinaweza kuteleza taratibu, na chini yake kuna pini arobaini za GPIO, zile za kuunganishia vifaa vingine. Aluminiamu ikizigusa pini zile na umeme umewaka, tutakuwa tunazungumzia bodi mpya. Mimi nimepaka pembezoni gundi inayopitisha joto, ile ya kuchanganya mirija miwili.

Jumamosi, 22 Februari

Leo nimepita kwa fundi wa redio mtaani, mzee aliyezoea amplifaya. Kwake mjadala huu haupo. "Transista ya amplifaya bila hitisinki unaipikia kifo, kijana wangu." Nikamwambia, shikamoo yako mzee, lakini amplifaya ile inamwaga wati nyingi mahali pamoja, hii yangu bodi nzima ikikimbia kwa nguvu zote haizidi wati saba hivi. Akacheka. Akanionyesha redio yake ya gari aliyoifungua: mgongo wa kasha lenyewe ndio hitisinki. Transista zimefungwa skrubu kwenye ukuta wa chuma, na ukuta uko nje.

Hapo nikaacha kufikiria mapezi, nikaanza kufikiria kifuniko.

Kwa fundi aluminiamu nimepata kipande bapa kilichobaki kwenye kazi ya madirisha, cha milimita 3, nikakikata kikawa sawa na kifuniko cha boksi. Kati yake na prosesa nimeweka kijipande kingine kinene cha aluminiamu, na pedi laini ya joto kila upande ili pasiwe na hewa katikati. Nafasi ni ya kuangalia: kuna vipande vidogo kuzunguka prosesa ambavyo havitakiwi kuguswa na chuma. Rangi ya kipande nimeiparua pale tu panapogusana. Boksi nimelitoboa matundu chini na juu ubavuni, kisha nikalisimamisha wima ukutani, mbali na kabati, ili hewa ya moto ipande na kutoka, ya baridi iingie kwa chini.

Chumba 34. Ikiwa imetulia: 52. Chini ya mzigo: 68, ikakaa hapo muda wote niliokaa mimi. Kifuniko ukikigusa kinachoma kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Joto liko nje.

Kwa atakayeiga: kasha la chuma tupu pande zote linafifisha waifai ya bodi. Hapa haisumbui kwa sababu tunatumia ruta, na kuta za boksi ni plastiki bado.

Jumatano, 26 Februari

Feni. Nimeijaribu kwa kuwa kila mtu ataniuliza. Feni ndogo ya volti 5 juu ya ile hitisinki ya awali, kifuniko wazi: 55 chini ya mzigo. Hakuna kilichoikaribia.

Na siiweki. Chumba kile kina vumbi la chaki na la uwanja, na upepo wa bahari una chumvi. Feni ya namna hii itavuta vyote hivyo na kuvilaza juu ya bodi, na siku ikikwama hakuna atakayejua mpaka video zikwame nayo. Seva inayosimamiwa na mwalimu mwenye vipindi tele isiwe na kitu kinachozunguka, zaidi ya ile diski ambayo nayo natamani kuibadilisha.

Jumamosi, 1 Machi

Kazi ya leo haikugharimu hata shilingi, na ingefaa kuwa ya kwanza kwenye orodha ya yeyote asiye na bajeti. Katika faili la `/boot/firmware/config.txt` nimeongeza mstari `arm_freq=1200`. Yaani nimeipunguzia kasi mwenyewe, kabla haijajipunguzia.

Inasikika kama kushindwa, lakini tazama inavyokwenda. Prosesa inapokimbia zaidi inahitaji volti za juu zaidi, na wati zinapanda kwa mraba wa volti hizo. Kwa hiyo ile sehemu ya mwisho ya kasi ni ghali kuliko zote kwa joto. Chini ya mzigo imesoma 61 badala ya 68. Na kazi halisi ya seva hii ni kusoma faili kutoka diski na kulisukuma kwenye mtandao. Kutoa video iliyokwisha kutengenezwa hakuiumizi prosesa. Nimefungua video kwenye kompyuta zote za maabara kwa pamoja na sikuona tofauti yoyote. Kinachochelewa ni kuingiza masomo mapya, nayo hufanyika usiku.

Nimeangalia pia programu ya ndani ya bodi kwa `rpi-eeprom-update`. Pi 4 za mwanzo zilikuwa na moto zaidi zilipotoka, na masasisho ya baadaye yalipunguza umeme unaoliwa na kipande cha USB. Yetu ilikuwa tayari ya karibuni.

Jumamosi, 8 Machi

Mfungo umeanza, shule inafungwa mapema kidogo, na mwalimu anataka jibu la maandishi kwa ajili ya vifaa vingine vilivyopo maabara. Nimemwandikia hivi.

Zile Pi Zero mbili, bodi ndogo kuliko hizi nyingine, za klabu ya sayansi zinazosoma kipima mvua: ziache zilivyo, hazina haja ya chochote.

Pi 3B+ iliyoko ofisi ya taaluma ni kisa cha peke yake. Ile ina kikomo laini cha nyuzi 60. Ikikivuka inashuka kutoka 1.4 GHz hadi 1.2. Katika chumba cha nyuzi 34, kazi kidogo tu inaifikisha huko. Maana yake ni kwamba kwa hali ya hewa ya hapa, bila hitisinki, ile 1.4 tuliyoinunua hatuioni mchana. Kikomo kinaweza kusogezwa hadi 70 kwa mstari wa `temp_soft_limit` kwenye faili lilelile, na hitisinki ndogo pale italipa, kwa sababu boksi lake lina matundu. Lakini wanachapia barua tu. Sioni sababu ya kugusa.

Seva ya maktaba: imekwisha. Juma zima, saa za kazi, na bati likiwa juu yake vilevile, haijavuka 63, na `get_throttled` inajibu `0x0`, yaani hakuna alama hata moja. Silingi bodi ya chumba kile ingeshusha joto la kila kitu, pamoja na wanafunzi, lakini hiyo si bajeti yangu.

Kuna mhisani ameahidi Pi 5. Hapo nimeandika kwa herufi kubwa: ije na kipoza chake na chaja yake ya wati 27, au isije. Feni ya kipoza kile haizunguki chini ya nyuzi 50, inaanza hapo na kuongeza mwendo hadi mwisho wake kwenye 75. Kwa Tanga maana yake itazunguka mchana kutwa, kwa hiyo vumbi nililolikimbia mwezi uliopita litanifuata. Nitaomba ikae chumba cha mkuu wa shule, chenye silingi na pangaboi, na waya wa mtandao ndio uvutwe mpaka maabara.

Mwalimu amejibu kwa neno moja, "Sawa," kisha baada ya muda akaongeza: "Ile data ya joto nitumie. Kidato cha Tatu wachore grafu."

Nimemtumia faili lote, pamoja na ile Alhamisi ya 82.